Kamera Mbili Kwenye Kupambwa kwa Zuhura

Naikumbuka siku ya kupambwa Zuhura, mwanangu, siku niliyoingia na kamera mbili shingoni kama ng'ombe aliyefungwa kengele mbili. Watu walinicheka, na walikuwa na haki. Lakini kaa vizuri nianze mwanzo, na hiyo simu iweke chini kidogo.

Tangu juzi wewe wanionyesha, nyanya tazama hii, nyanya tazama ile, kamera mbili za dijitali za wanaoanza, moja nyepesi na moja nzito, na kila moja ina watu wanaoiapia. Wataka nikwambie ununue ipi, kwa kuwa nimepiga picha za harusi hapa Likoni tangu mama yako hajazaliwa. Nitakwambia, ila wewe wanijua, mimi sina haraka ya kitu isipokuwa chai.

Miaka hiyo ya themanini nilikuwa msichana mwembamba, na usicheke. Nilikaa kaunta kwa Mzee Shee, aliyekuwa na studio ndogo si mbali na feri. Kazi yangu ilikuwa kuwapa wateja kitana na kioo na kuwakumbusha wafunge vifungo. Nilikuwa nikiweka akiba ninunue kamera yangu mwenyewe, na akili yangu yote ilikuwa kwenye kamera mbili.

Ya kwanza ilikuwa ya Mzee Shee, aliyekuwa tayari kuniuzia, ya zamani, chuma kitupu, nzito kama pasi ya makaa. Kila kitu ufanye mwenyewe: uzungushe lenzi mpaka sura itulie, utazame mshale mdogo unaopima mwanga, uvute filamu kwa kidole gumba. Betri ikifa mshale unalala, lakini picha unapiga. Ya pili ilikuwa ya binamu yangu baharia, aliyerudi nayo safarini akataka kuiuza. Hiyo ilikuwa mpya, nyeusi tii, nyepesi, ina taa yake kichwani, inavuta filamu yenyewe kwa sauti ya kujidai, na ukiielekeza kwa mtu inajua yenyewe mwanga wa kutosha. Ila betri ikiisha huna kamera, una kopo.

Kipya kinyemi ingawa kidonda, na moyo wangu ulikuwa kwa ile mpya. Lakini kila nikikaribia kukata shauri naikumbuka ile nzito, jinsi ilivyokaa mkononi, naanza tena. Niliwachosha watu. Mama alikuwa akiniona naja jikoni anajifanya ana usingizi. Mzee Shee alinitazama juu ya miwani akasema, "Fatuma, mchagua jembe si mkulima." Nami nikamjibu kwamba jembe halina lenzi. Ujana una jibu la kila kitu, mwanangu.

Basi Zuhura akaposwa. Huyu alikuwa rafiki yangu tangu chuoni, tulipokuwa tukisoma msahafu mkeka mmoja. Mama yake hakuwa na picha hata moja ya harusi yake, akawa kila mara amsimulia bintiye alivyopambwa, na kila mara asahau kitu. Zuhura hakutaka siku yake ipotee namna hiyo. Lakini kupamba, wajua, ni kwa wanawake watupu. Biharusi hukaa juu jukwaani, nywele wazi, mikono na miguu imejaa hina na piko, na wageni wote huvua mabuibui. Mpiga picha mwanamume hapiti mlango ule.

Zuhura akanishika mkono. "Wewe ndiwe utakayenipiga, Fatuma. Lakini nisionekane na mwanamume ila mume wangu. Nikilikosa hilo, bora nizikose picha."

Nikamwapia wallahi hataonwa. Na nilikuwa na nia safi, Mungu shahidi. Nilidhani mradi mwenye kushika kamera ni mwanamke, mambo yamekwisha.

Tena nikaona hiyo ndiyo nafasi ya kumaliza ubishi. Nitazipima kamera zote siku moja. Mzee Shee akaniazima yake na filamu ya nyeusi na nyeupe, binamu akaniazima yake na filamu ya rangi, nami nikaenda.

Ua wa kina Zuhura ulikuwa umezungushwa vitambaa, na mlangoni wamekaa akina mama wawili wasiopitisha hata kuku wa kiume. Ndani kulinukia asumini na udi. Zuhura akatolewa. Nikapiga kwa ile nzito, polepole, nikitafuta mwanga uliopenya vitambaani. Nikapiga kwa ile mpya, taa ikawaka, wanawake wakapiga vigelegele. Wakanizunguka: nipige na dada yangu, nipige na mama mkwe. Nilijiona nimefika.

Hapo ndipo nikaitwa na Bi Mwanakombo. Huyu ndiye somo wa Zuhura, bibi aliyemfunda mambo ya unyumba, na siku ile ua wote ulikuwa wake. Alikuwa mdogo wa umbo, sauti yake haikupanda kamwe, na watu wazima walimwogopa.

"Wee Fatuma! Ndoo hapa."

"Abee, somo. Shikamoo."

"Marahaba. Picha hizi atazisafisha nani?"

"Za nyeusi na nyeupe ni Mzee Shee," nikasema kwa maringo ya kazi. "Za rangi zaenda mjini, kuna mashine."

"Na mashine hiyo yaendeshwa na nani?"

Niliijua mashine ile. Waliiendesha vijana wa kiume, na picha zikitoka walizipanga mezani na kuzitazama moja moja, wakichagua zilizotoka vizuri.

Bi Mwanakombo akatikisa kichwa. "Mlango tumeufunga, mwanangu, nawe umewaingiza wanaume shingoni. Mato yao yatakuja kutuona humu humu."

Waliokuwa karibu walisikia. Leso zikaanza kupanda vichwani, moja baada ya nyingine, na nyimbo zikafifia. Zuhura naye alisikia, kule juu alikokaa. Hakunigombeza. Alisema tu, "Fatuma, uliniapia," na wanja ukaanza kumshuka mashavuni. Mimi nimefiwa, nimezaa, nimeuguza, lakini sura ile bado hunichoma.

Bi Mwanakombo hakunitoa nje. Aliniambia nizitoe filamu zote mbili, akazifunga kwenye pindo la leso yake. "Mwana huyu hakukusudia," akawaambia wageni. "Imbeni." Kisha akaniambia mimi kwa sauti ya chini, "Siku utakayojua kuzisafisha kwa mikono yako, ndoo uzitwae. Kabla ya hapo zitalala kwangu."

Kesho yake nilikwenda kwa Mzee Shee nikamweleza yote. Nilitazamia atacheka, au ataudhika kwa kuhesabiwa miongoni mwa wasiotakiwa. Alivua miwani akaifuta. "Aibu ya maiti aijuaye mwosha," akasema, "na ya picha ni vivyo hivyo. Mimi nimeona mengi chumbani mle na kinywa changu nimekifunga. Lakini wao watanijuaje? Haki yao kuogopa. Njoo nikufunze."

Usidhani nilifunzika upesi. Maji ya Likoni yana joto, na dawa ya kusafishia filamu yataka ubaridi, basi kila asubuhi nilikwenda kuomba barafu kwa wauza samaki nikarudi nanuka samaki, changu na tasi. Filamu za majaribio zilitoka nyeusi kama masizi, nyengine zilitoka tupu. Mzee Shee alikuwa akisema tu, "Tena." Mzee wa watu, sijapata kumwona mwenye subira kama ile.

Siku nilipokuwa tayari, Bi Mwanakombo hakunipa filamu mkononi. Alizileta mwenyewe, akamwambia Mzee Shee aende akanywe kahawa, akaweka kigoda mbele ya mlango wa chumba cha giza akakaa. Nami ndani, peke yangu, nikaisafisha ile filamu ya kamera nzito. Ilipokauka nikaipitishia mwanga juu ya karatasi, nikaitia karatasi ya kwanza kwenye sinia la dawa. Ikakaa nyeupe, nikasema nimeharibu. Kisha yakatokea maua ya piko, kisha mikono, kisha Zuhura mzima, kabla hajalia. Nililia mimi badala yake.

Ile ya rangi studio yetu haikuweza kuisafisha, maana kazi yake ni ya mashine. Nilipompelekea Zuhura picha zake nilimrudishia na filamu hiyo. Alizitazama picha mpaka chai ikapoa, akazirudia, akanikumbatia mpaka mbavu zikaniuma. Ile filamu aliitia motoni kwa mkono wake. Huenda picha nzuri kuliko zote zilikuwamo, na sikumlaumu.

Binamu alininunia, kwa sababu nilinunua ile nzito. Bei yake ilikuwa ndogo, na kilichobaki nilinunulia sinia na dawa za chumba changu mwenyewe, nyumbani kwa mama.

Mwezi haujesha, Bi Mwanakombo akaja pale nyumbani. Ukiacha ya kitambulisho, hakuwa amepata kukubali kupigwa picha. Alifunga mlango, akasukuma komeo, akavua mtandio. Nywele zake zilikuwa nyeupe zote, zimesukwa vizuri, ndefu kuliko nilivyodhani. Akakaa wima kitini, akasema, "Haya, nipige ningali na sura."

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Kati ya hizo mbili zako chukua inayokaa vizuri mkononi na inayokuachia wewe uamue mwanga, maana utajifunza kwa makosa yako, si kwa kamera kukufichia. Usimalize pesa zote kwenye kamera, bakisha ya lenzi na ya betri ya akiba. Lakini hayo ni ya dukani, na yeyote wa dukani atakwambia. Langu mimi ni kwamba kabla hujapiga, ujue picha itakwenda wapi na nani ataiona. Sisi tulihangaika na kusafisha, nyinyi hamsafishi kitu: kidole kimoja, na uso wa mtoto wa watu umeshafika kwa asiowajua. Anayevua mtandio mbele yako amekupa amana. Ukikosa ustadi atakusamehe, utajifunza. Ukiivunja amana hata kamera ya dhahabu haitakufungulia mlango tena.

Mola akupe jicho zuri na mkono uliotulia. Akupe haya, akupe riziki isiyo na majuto. Na kila uliyempiga picha akikuona njiani na afurahi, asigeuze uso. Amin, mwanangu, amin.