Gauni Lililobana

Fundi cherehani wa mtaani kwetu tulimwita Mama Niko Sawa, kwa sababu hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila salamu. Mumewe alipofariki, niko sawa. Aliporusha mkasi ukutani mbele ya mteja, niko sawa vilevile. Mkasi ule ndio uliomfanya binti yake wa mwisho amkokote hadi kliniki, kwenye tiba ya mazungumzo inayomfundisha mtu kukubali anachohisi na papo hapo kubadili anachotenda.

Mwanzoni alikaa pale kama gogo.

"Moyoni hamna kitu," alimwambia mshauri.

"Basi tuuache moyo. Mwili unafanya nini? Mikono inataka nini?"

Swali hilo alilichukia, lakini alirudi nalo kwenye cherehani yake, jirani na meza yangu ya kupigia pasi.

Binti huyohuyo alikuwa anaolewa Jumamosi, na gauni la harusi anashona mama. Likabana. Akalifumua, akashona, likabana tena. Na huyu ni fundi anayekata suti kwa kumtupia mtu jicho tu. Binti akalivua, machozi yanamlengalenga.

"Mama, kama humtaki mchumba wangu, sema. Kesho nanunua la dukani."

"Nampenda, mwanangu. Niko sawa."

Binti akaondoka. Mama akabaki na gauni mapajani, akaanza kujikagua kama alivyofundishwa. Taya limekaza. Vidole vinavuta kitambaa kwenda ndani, na hakuna aliyevituma.

"Jirani," akaniita, "hii mikono inataka lisimtoshe. Lisipomtosha, haondoki. Mimi sina hasira na mtu. Naogopa kubaki peke yangu."

Nilitaka kumbembeleza, akanikatiza. Mshauri alishamwambia kwamba hofu ukishaitambua, usiitii. Fanya kinyume cha kile inachokusukuma kufanya. Akampigia binti simu arudi, akafumua mishono ya ubavuni, akalipanua gauni kadiri kitambaa kilivyoruhusu. Akashona upya, huku binti amesimama mlangoni amenuna.

"Vaa."

Binti akavaa.

"Siko sawa, mwanangu," mama akasema, akiwa nyuma yake. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akisema hivyo. "Naogopa ukiondoka. Sasa simama wima, nifunge zipu."

Binti akasimama wima, analia, na zipu ikapanda bila kugoma.