Vijiti Saba Kabatini

Mimi ni fundi wa kompyuta katika hospitali moja ya mjini Tabora, na sijawahi kumdharau mtu kama nilivyomdharau katibu wetu ilipokuja seva mpya, kompyuta kuu ya kutunzia mafaili ya wagonjwa. Hakujua hata kuiwasha. Lakini wageni wakifika, alikuwa wa kwanza kuipapasa mgongo na kutangaza, kama anayetaja ng'ombe wa mahari, "Prosesa ya kizazi kipya! Viini sitini na vinne!"

Viini vilikuwepo kweli. Kila kiini ni mfanyakazi, na sitini na vinne si haba. Ila prosesa ile, ubongo wa mashine, ilikuwa na njia nane za kuchotea memori, na kila njia ilidai kijiti chake cha memori. Vijiti vinane vililetwa. Katibu akaacha kimoja, saba akavifungia kabatini.

"Hivi vya akiba," alisema.

"Mzee, vyote vinatakiwa ndani ya mashine."

"Kijana, gari lina tairi nne barabarani, ya tano iko kwenye buti. Akiba haiozi."

Ndivyo alivyoishi. Kwake makochi yalikuwa bado yamevaa nailoni ya dukani, na vikombe vizuri vilimsubiri mgeni ambaye hajazaliwa. Hata seva aliifunika kitambaa alichofuma mkewe, chenye maua ya njano, kikaziba matundu ya hewa. Asubuhi nilikitoa, jioni alikirudisha. Na kwa kuwa alikuwa bingwa wa kupoteza vitu, ufunguo wa pili wa kabati alinikabidhi mimi, akanionya nisiliguse bila ruhusa yake.

Basi wapagazi sitini na wanne wakawa wanasukumana kwenye mlango mmoja. Mashine mpya ikawa goigoi kuliko mkweche tulioutupa. Ukiita faili la mgonjwa, unaenda kunywa chai unarudi, bado. Ningefungua kabati, kazi ingekwisha kwa dakika ishirini. Sikufungua. Bodi ya hospitali ilikuwa inakuja Ijumaa kuiona seva, na nilitaka mashine imgomee mbele yao, aumbuke na kitambaa chake. Niliingoja siku ile kwa hamu ya mtoto anayenusa pilau.

Alhamisi akaja bibi mmoja kutoka Bukene, mgonjwa wa moyo. Dawa zake zilikuwa zimeisha, na daktari hakutaka kumwandikia nyingine bila kuona vipimo vya nyuma, ambavyo vilikuwa ndani ya seva. Treni yake ya kurudi ilikuwa siku hiyohiyo. Alikaa kwenye benchi mlangoni pangu, kikapu miguuni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo mashine yenu inaumwa?"

"Haiumwi. Kuna mtu kaifungia nguvu zake kabatini," nilisema kwa sauti, katibu asikie.

"Na fundi wake ni wewe?"

"Ndiyo."

"Haya. Nakungoja wewe," akasema, akatulia.

Faili halikufunguka. Nilipita mbele yake mara tatu, mkono mfukoni, ufunguo vidoleni, nikijiambia ni kesho tu, kesho yule mpuuzi atakiona. Jua lilipoinama bibi akanyanyuka. Hakuwa na ndugu mjini wa kumlaza, na treni haimsubiri mtu. Aliniaga vizuri tu, akaondoka mikono mitupu.

Ndipo nikafungua kabati. Nilizima mashine, nikachomeka vijiti saba, nikawasha. Faili lake likafunguka hata sijaondoa kidole. Daktari akasoma, akaandika, nikachukua dawa na kukimbia hadi stesheni. Nilikuta wauza karanga wakikunja meza zao. Treni ilikuwa imeshaondoka.

Ijumaa bodi ilikuja. Katibu, ambaye hakujua kama kabati lake ni tupu, alibonyeza kitufe na faili likafunguka papo hapo. Wakampigia makofi.

"Mnaona?" alisema, akikinyoosha kitambaa. "Na hapo bado nina akiba!"

Niliitafuta dharau yangu ili nimcheke kimoyomoyo. Mfukoni, palipokuwa na ufunguo, palikuwa na pakiti ya dawa za bibi inayongoja treni nyingine. Yule mzee hakujua alichokuwa akikifungia. Mimi nilijua.