Makopo Matatu ya Kizazi

Mume wangu mtaani wanamwita Kizazi, na mwenyewe anaitika. Jina alijitafutia kwa mdomo wake, maana matoleo ya vyuma vya baiskeli yeye huyaita vizazi. Ukimletea baiskeli ya milimani, zile za zamani za bei kali, hata salamu hajamaliza keshaipigia magoti, anasugua tope kwa kidole. "Gia kizazi cha pili, breki cha kwanza. Nani kakufanyia hivi?" Hata mama yangu mzazi, Mungu amrehemu, Kizazi alimwita kizazi cha kwanza: mzito, lakini havunjiki. Mama alicheka. Mimi nilinuna siku mbili.

Karakana yetu ni chumba cha mbele cha nyumba. Fremu zimening'inizwa ukutani, na juu ya meza kuna makopo matatu makubwa yaliyokuwa ya rangi, kila kopo na kizazi chake. Kazi yangu ni beseni la mafuta ya taa. Miaka thelathini na moja nasafisha vyuma na kuvirudisha kwenye makopo. Yale maandishi yaliyochongwa juu yake sijawahi kujisumbua nayo. Mkono unanitosha.

Kizazi cha kwanza kinang'aa kama kijiko kipya. Gia zake hazilii tak. Unasukuma kijiti kwa kidole gumba, cheni unaitafutia mahali pake kwa kusikiliza. Kikipinda unakinyoosha, maisha yanaendelea. Hicho ndicho changu. Cha pili ni cha kijivu, kinalia tak ukibadili gia, na gololi zake zimefungiwa, tope haliingii. Hicho ndicho cha mume wangu. Akikishika hata sauti anaipunguza. Cha tatu ni cheusi, chepesi, gia tele, ila springi zake zinachoka mapema. Hicho ni cha binti yetu kitindamimba, na akikisifia baba yake anaanza kukohoa.

Tumebishana sana juu ya vyuma hivyo, lakini la breki hatukuwahi kulibishia. Mikono ya breki ya kizazi cha tatu inavuta waya mwingi kwa nguvu kidogo. Breki za cha pili zinataka waya kidogo kwa nguvu nyingi. Ukivioza vizazi hivyo viwili, mkono unakuwa mgumu, unadhani breki imeshika barabara, kumbe mipira inaipapasa rimu tu.

Mwaka jana binti alijiandikisha kwenye mashindano ya kushuka mlima. Baba yake akamuundia baiskeli, yote kizazi cha pili kuanzia pedali mpaka breki. Macho ya Kizazi yameanza kuingia ukungu. Haulizwi, na yeye hasemi.

Asubuhi ya mashindano, binti anamalizia chai, mimi nikaishika baiskeli kuitoa nje. Nikabana breki, kama ninavyobana kila chuma kinachopita mikononi mwangu. Ilikuwa ngumu. Ngumu kupita kiasi.

"Hii haiendi," nikasema.

"Toka lini breki ngumu ikawa ugonjwa?" Kizazi akauliza, miwani juu ya paji la uso.

"Toka leo."

"Mama, jamani, nitachelewa," binti akasema.

"Chelewa. Mlima hauhami."

Nikajikita mlangoni, na mimi nikijikita mlangoni, mlango umefungwa. Kizazi akakasirika. Akasema anayeosha vyuma na anayefunga vyuma ni watu wawili. Nikamwambia basi anayefunga apande, ashuke nayo ule mteremko wa ghala la mbao hapo nje, tumuone.

Alipanda, kiburi tu. Tukamwona amebana breki zote mbili mpaka mabega yamepanda masikioni, na baiskeli inakwenda zake polepole, haimsikilizi. Lililomsimamisha ni lundo la vumbi la mbao. Akainuka kajaa vumbi mpaka nyusi. Hakuumia. Binti alikuwa ameziba mdomo kwa viganja viwili. Ule mteremko ni wa hatua sitini. Mlima aliokuwa binti anakwenda kuushuka, njia yake inazunguka ukingoni mwa majabali.

Kizazi akaichuchumalia baiskeli, akaisogeza mikono ya breki karibu na pua. Kisha akasema, "Hii ni ya tatu. Rangi imechubuka yote, imebaki kijivu. Nani kaiweka kwenye kopo la pili?"

Alijua. Katika nyumba ile anayerudisha vyuma ni mmoja. Siku niliyoirudisha nilikuwa nimemnunia, sikumbuki kwa nini, nikavitupia kwenye makopo kwa kutazama rangi, sikuvipima kwa vidole. Ningeweza kusema ni macho yake. Maneno yalishafika ulimini.

"Mimi," nikasema. "Niliweka mimi."

Binti akanitazama kama mgeni. Hajawahi kusikia neno hilo kwangu.

Kizazi akajipangusa vumbi. "Na mimi nilifunga bila kupima," akasema. "Lete spana."

Tuliitoa mikono ile pale pale njiani, nikamletea mikono ya kizazi cha pili, hiyo nimeipapasa mara tatu. Mmoja ulikuwa na kovu, lakini ulibana sawasawa. Binti alifika wenzake wameshaondoka, akashuka peke yake, wa mwisho. Nilimhesabu vidole vyote alipovua glavu.

Jumatatu yake Kizazi akasimama mbele ya beseni langu, anazungusha kofia.

"Mama watoto, kuanzia leo breki haitoki humu kabla hujaibana wewe."

"Nibane nimechuchumaa? Nitafutie kiti, tena chenye mgongo."

"Kiti cha nini? Breki ni mara moja kwa siku."

"Basi bana mwenyewe."

Saa nne hivi alirudi nacho, kakibeba kichwani. Nilikaa, nikamwambia kinayumba mguu mmoja. Akachukua randa.