Mstari Mwekundu Uliosahau Chumba cha Kushonea

Wewe ulipita pale. Usinikodolee macho, ulipita.

Tangazo lilikaa kwenye ukuta wa ofisi ya forodha siku ishirini na nane. Ukauegemea ukuta huohuo ukisubiri foleni. Kisogo chako kikalifunika tangazo zima. Ukachezea simu, ukaitwa, ukaenda zako.

Tangazo lilisema kiwanda cha miavuli cha mtaani kwetu kinataka kwenda nje ya nchi.

Bila kuhama hata tofali.

Nilizipata habari nikiwa kazini. Nina meza yangu mkabala na geti la kiwanda, natengeneza miavuli iliyovunjika. Ndiyo, miavuli ileile ya kwao. Wao wanaizaa, mimi naifufua.

Akaja wifi yangu, mke wa kaka, anayeshona mle ndani. Anatembea kwa maringo kama kaolewa upya.

"Wifi, tuagane. Mwezi ujao nafanya kazi ng'ambo."

"Na kaka yangu unamwachia nani?"

"Atakuja kunitembelea. Akipata viza."

Akacheka mpaka akakaa chini, ndipo akanieleza. Bosi wao, tunayemwita Njiti kwa wembamba wake, ameomba kiwanda kiwe eneo huru la forodha. Ukiwa ndani ya uzio ule, kwa hesabu za forodha, uko nje ya nchi. Vitambaa na vyuma vinaingia bila kutozwa kitu. Ushuru unalipwa mwavuli ukishatoka getini kwenda kuuzwa, tena kwa kiwango cha mwavuli.

Maana sheria ina kichekesho chake. Mwavuli uliokwisha kutengenezwa ukitoka ng'ambo unatozwa kumi kwa mia. Kitambaa cha kushonea mwavuli hapahapa, ishirini na tano. Anayeleta kitu kizima anapigiwa makofi. Anayeleta kazi anapigwa makofi.

"Tukikosa kibali," wifi akasema, maringo yote yamekwisha, "Njiti anafunga. Sisi washonaji arobaini, nyumbani."

Nimwombee Njiti, mimi?

Mimi sisahau. Miaka kumi na sita iliyopita nilikuwa mshonaji mle. Tunashona miavuli huku paa linatuvujia. Miavuli! Nikawaambia wenzangu kila mtu afungue mmoja, akae chini yake, asiguse cherehani. Siku tatu tulikaa hivyo kama uyoga. Njiti akasalimu amri, akajenga chumba kipya cha kushonea kwa nyuma.

Siku ya kukifungua akanifukuza kazi. Hata soda sikuonja.

Basi nikaenda kulisoma lile tangazo nitafute pa kumkaba. Zilibaki siku mbili za kupeleka pingamizi. Nikasoma kwa kidole, neno kwa neno. Shule yangu ni karatasi za ukutani, na sijawahi kutoroka darasa.

Nikafika kwenye ramani.

Mstari mwekundu umezunguka kiwanda. Geti limo. Ghala limo. Choo cha walinzi kimo.

Chumba cha kushonea hakimo.

Fikiria. Kitambaa kinatoka ghalani kwenda kushonwa, hatua kumi na mbili tu, tayari kimeingia nchini. Lipa ishirini na tano! Njiti angeacha kushona. Angeagiza vitambaa vilivyokwisha kushonwa, avipachike kwenye vyuma, basi. Kiwanda kinapona, wanawake arobaini wanazikwa hai.

Nikasema, nyoka huyu! Nikaandika pingamizi palepale, nimesimama.

Siku ya kusikiliza maoni ukumbi ulijaa. Njiti aliponiona akajishika kichwa. "Mama yangu. Kipaza."

Ndilo jina alilonipa wakati wa mgomo.

Ofisa wa forodha, mama mmoja mwenye miwani ya kamba, akaniuliza, "Unapinga nini, dada?"

"Huyu bwana anasafiri, washonaji anawaacha nchini!"

Watu wakaangua kicheko. Nikaenda mbele, nikaweka kidole kwenye ramani. Njiti akainama kutazama. Akaigeuza juu chini. Jasho likamtoka.

"Chumba kiko wapi?" akauliza. Ananiuliza mimi!

"Ramani hii ya mwaka gani?" ofisa akauliza.

Njiti akaanza kuitafuta tarehe pembeni mwa karatasi.

"Ya kabla ya mgomo," nikasema. "Chumba kile kilijengwa kwa ajili ya mdomo wangu. Kilifunguliwa Jumanne."

Kumbe Njiti hakuwa mjanja. Alichomoa ramani kuukuu kabatini, akampa mtu achore mstari, hakuikunjua hata mara moja.

Nikawa najiandaa kumcheka vizuri. Ofisa akafunua ukurasa wa pili.

"Mbona hapa pana saini? Mwakilishi wa wafanyakazi anathibitisha ameisoma ramani na ni sahihi."

Nikaruka juu. "Nani huyo? Msaliti gani huyo? Asimame!"

Nyuma yangu, sauti nyembamba:

"Wifi... chai ilikuwa inapoa."

Ukumbi ulivunjika mbavu. Njiti alicheka mpaka tai ikahamia begani. Mimi nilicheka mwishoni, tena kwa hasira.

Mstari ulichorwa upya, chumba kikaingia. Kibali kilitoka baada ya wiki sita. Leo washonaji arobaini wanafanya kazi ng'ambo na jioni wanarudi nyumbani kwa miguu.

Njiti alivuka barabara akaja mezani kwangu.

"Kipaza, si ulikuja kunipinga?"

"Bado nakupinga."

"Rudi kazini, bwana. Njoo ng'ambo."

"Mimi niko ng'ambo tayari. Ng'ambo ya barabara. Hapa naiona mistari yako yote."

Sasa wewe. Nilimtafuta nyoka, nikakuta kalamu na kikombe cha chai. Hivyo ndivyo watu wanavyofutwa, na hakuna hata mmoja aliyewachukia.

Pale ukutani kuna tangazo jipya. Zimebaki siku tisa. Zima simu, toa kisogo chako, geuka, soma. Tafuta mlango wako kwenye ramani.

Usipouona, piga kelele leo. Chai iache ipoe.