Mume Wangu Hakuhesabu

Nianze na ng'ombe, maana bila ng'ombe habari ya karata haieleweki. Mume wangu alikulia machungani upande wa Meatu, karibu na Bukundi, ambako mtu anaweza kutembea asubuhi nzima asikutane na kitu ila mbuga na mifugo. Kwao ng'ombe hawahesabiwi kwa namba. Baba yake akimkuta mtoto amesimama mlangoni pa zizi anasema moja, mbili, tatu, anamchapa, maana ni kama anawaitia kifo. Basi walijuaje kama wametimia? Unasimama, wanaingia, unawaangalia tu. Wakiisha kuingia kuna kitu ndani yako kinatulia au hakitulii. Kisipotulia unajua, yule mweusi mwenye paji jeupe bado, na ndama wa yule mwenye pembe moja bado. Alinieleza hivyo mwaka tuliooana nikamcheka, kwa sababu kwetu Ipililo tulikuwa watu wa jembe, na ng'ombe wa baba yangu walikuwa wachache kiasi kwamba hata kipofu angejua nani amebaki porini.

Tulipata shamba nje kidogo ya Bariadi. Enzi hizo tulikuwa bado mkoa wa Shinyanga, huu wa Simiyu umekuja tukiwa wazee. Tulikuwa na maksai wawili wa kukokota plau, aliowafundisha mwenyewe kwa uvumilivu ambao mimi sikuwahi kuuona akiutumia kwangu. Wale maksai ndio walikuwa maisha yetu. Bila wao, pamba unalima kipande cha kujifurahisha, na mahindi unalima ya kuchoma.

Ilikuwa miaka ile ya kila kitu ruksa. Kabla yake sabuni ulipanga foleni, sukari ulipanga foleni, kanga ukiipata unamwonesha jirani. Halafu ghafla maduka yakajaa, mitumba ikamwagwa chini kwenye mnada, na pamba ambayo siku zote ilinunuliwa na ushirika peke yake ikaanza kununuliwa na watu binafsi, wenye malori na mizani zao, wanalipa hapo hapo. Sisi tulizoea kungoja malipo mpaka unasahau uliuza nini. Watu walichanganyikiwa. Kuna waliokuwa wanamwagia pamba maji iwe nzito, na kuna wanunuzi ambao mizani yao iliona uzito kwa aibu. Kila mmoja alijua la mwenzake. Nasema hivi ili mjue kwamba neno haki halikuwa linatajwa sana msimu ule.

Pamoja na malori akaja mtu mmoja na meza. Alisema ametoka mjini Dar es Salaam, alikuwa akifagia katika nyumba ya kamari ya kisasa, wanaiita kasino, na huko alijifunza mchezo wa ishirini na moja. Siku ya mnada alitandaza turubai, akaweka meza, akalipa ushuru wa soko kama muuza nyanya yeyote. Mimi nilikuwa nauza michembe karibu naye, vile viazi vya kukausha, kwa hiyo niliuona mchezo wote bila kuutaka. Kila mtu anapewa karata mbili. Unaweza kuomba nyingine. Zile zenye picha zote ni kumi. Anayekaribia ishirini na moja anashinda, anayepita ameungua. Mwenye meza naye anacheza, tena ni lazima aongeze karata mpaka afike kumi na saba, na mkiungua wote wawili, cha kwako ni chake. Hapo ndipo palipokuwa na chakula chake. Alikuwa anagawa karata mpaka pakiti inakaribia kuisha, ndipo anazichanga upya.

"Karibu ngosha, kaa kivulini," alimwambia mume wangu siku tuliyolipwa. Ngosha ni mwanaume kwa Kisukuma; alikuwa amejifunza neno hilo na la mayu, yaani mama, basi akaona ameshakuwa mwenyeji. "Leo pamba imekuwa pamba."

Mume wangu akakaa. Nilimwona nikadhani anapumzika. Nilikuwa na wateja. Nilipogeuka tena, hela ya pamba ilikuwa imehama, na yeye ameshamweka maksai mmoja. Nikaacha michembe yangu nikaenda kusimama nyuma yake, lakini mwanamke afanye nini pale? Kumvuta shati mbele za watu? Nilikohoa. Mzee mmoja akasema, "Mayu, nenda kanywe maji." Watu wakacheka. Maksai wa pili akaenda nikiwa nimesimama hapo hapo.

 

Mwenye meza hakuwachukua mara moja. Aliwafunga kwenye ua wa mfanyabiashara wa ng'ombe, akasema watakaa hapo mpaka mnada wa mwisho wa msimu, kisha watapakiwa. Mbele ya watu akamwambia mume wangu, "Ukitaka kuwakomboa, meza iko wazi. Mimi si mtu mbaya." Nadhani aliona bado kuna mbuzi nyumbani.

Basi mume wangu akaanza kwenda kila mnada na kusimama. Hachezi. Anasimama nyuma ya wachezaji, mikono ameifunga kwenye fimbo mabegani, anaangalia. Nilidhani akili imemruka. Nilimuuliza, "Unatafuta nini pale?" Akasema, "Nawazoea." Nikasema unawazoea akina nani, akasema karata. Nikaenda zangu kuteka maji, maana kuna majibu ambayo ukiyafuata unaumia zaidi.

Siku aliyokaa tena, aliweka mbuzi. Nilikuwa nimemkatalia kisha nikamkubalia, kwa sababu mvua ilikuwa inakaribia na sikuwa na njia nyingine ya kumpa. Alicheza kidogo kidogo, kama mtu anayelamba chumvi. Kuna wakati anaomba karata mpaka watu wanaguna, na kuna wakati anakataa akiwa na kumi na tatu tu.

"Chukua basi ngosha, kumi na tatu utaipeleka wapi?" mwenye meza akamwambia.

"Sitaki. Za picha hazijarudi."

"Umesemaje?"

"Hazijarudi. Zipo humo bado, nyingi."

"Nani kakwambia?"

"Si hazijatoka."

Jirani yake akasema, "Huyu wa Bukundi anachunga mpaka karata," watu wakacheka sana, naye pia akacheka. Hakuficha chochote. Mwenye meza akajivutia karata yake ya picha na akaungua. Mnada ule mume wangu alirudi nyumbani akimswaga maksai mmoja, na mbuzi nyuma. Nilipika wali siku ya kazi. Mnada uliofuata alikwenda mapema kumfuata wa pili, maana maksai mmoja hakokoti plau.

Alikuwa anakaribia. Mimi najua alikuwa anakaribia kwa sababu mwenye meza aliacha kutania. Kisha akaziweka karata chini na kuzifunika kwa kiganja.

"Wewe basi. Hapa huchezi tena. Unahesabu."

Mume wangu akainuka kama aliyetukanwa mama yake. Akasema yeye hajahesabu, hajawahi kuhesabu kitu chochote tangu azaliwe, waulizwe watu wa kwao. Alikuwa anasema kweli tupu, na watu walioelewa maana yake pale hawakuzidi wawili. Mwenye meza akasema amedanganywa, kwa hiyo na yule maksai wa kwanza arudishwe. Wakashikana mashati.

Walipelekwa kwa katibu kata. Yeye akasema katika makaratasi yake hakuna mahali palipoandikwa kwamba mtu asikumbuke karata, wala palipoandikwa kwamba akumbuke, na kama ni kamari yenyewe basi angehitaji kuuliza wilayani. Mwenye meza akatoa risiti ya ushuru. Katibu akaitazama pande zote mbili akasema mambo mengine ya kiofisi, halafu akasema hili wamalize sungusungu, walinzi wetu wa kijiji, maana limeleta ugomvi sokoni.

Wazee wa sungusungu walikaa. Sisi wanawake tuliruhusiwa kukaa nyuma, kwa kusikiliza. Mwanzoni nilipata matumaini. Mzee mmoja alimuuliza mwenye meza, "Kama hupendi akumbuke, si uchange karata kila mara?"

"Mzee, nikichanga kila mara watu watachoka wataondoka."

"Kwa hiyo unataka akae, atoe, asifikiri."

"Mchezo ni bahati, mzee. Sisi wote tulikuja na bahati. Yeye amekuja na kitu kingine ambacho hatukukubaliana."

"Wewe ulikuja na meza," mzee akasema, na watu wakacheka. Nilimpenda yule mzee. Mpaka leo sijui haki ilikuwa upande gani mia kwa mia. Mtu akikukaribisha mchezo wa bahati ukaja umejifunza, labda kweli umemzunguka. Lakini macho ni yako, na karata aliziweka mezani mwenyewe zionekane. Kumbukumbu haiwezi kuachwa nje mlangoni kama ndala. Nimeligeuza jambo hili miaka mingi, nikiwa napepeta, nikiwa kanisani hata, na halijawahi kukaa vizuri.

Kisha kiongozi wao akamgeukia mume wangu. "Ulihesabu?"

Angesema ndiyo. Mungu wangu, angesema ndiyo tu, nilihesabu, kama watoto wa shule wanavyohesabu. Ingekuwa kesi ya ujanja, wangegawana lawama, labda angebaki na yule mmoja. Lakini kwake kuhesabu lilikuwa jambo la aibu.

"Sikuhesabu," akasema. "Mimi nilikuwa najua tu zipi hazijarudi."

"Zilikuwa zimefunikwa?"

"Zimefunikwa."

"Na wewe unazijua."

"Nazijua. Nikikaa nikatulia, inanijia."

 Niliona sura ya yule mzee niliyempenda ikifungwa. Kiongozi akauliza taratibu, "Inakujia kutoka wapi?" Na mume wangu, ambaye hakuwa na neno la kueleza kitu alichofundishwa bila maneno, akasema, "Kwetu. Baba alikuwa nayo. Na babu."

Nyuma yangu mwanamke akavuta mtoto wake karibu. Neno dawa halikutamkwa na mume wangu wala na mwenye meza. Lilitamkwa na mtu wa katikati, kwa sauti ya chini, likapita kwenye kikao kama sahani ya kupokezana. Niliinuka nikasema ni mambo ya kuchunga, kwao wanafanya hivyo kwa ng'ombe. Kiongozi akasema, "Kaa, mayu." Nikakaa. Waliamua maksai arudishwe, mbuzi atolewe kama faini, na mume wangu asionekane tena penye mchezo wowote. Wakasema wamemwonea huruma kwa sababu ya watoto.

Kulipopoa nilimfuata mwenye meza, alikuwa anakunja turubai. Nikamwambia wewe unajua si dawa.

"Najua mayu. Kule kasino nilikofagia niliwaona kama yeye, wanakaa, wanakumbuka. Hawapelekwi popote. Si kosa la sheria. Wanaambiwa kwa adabu bwana tunaomba uondoke, wengine wanapewa na soda."

"Na walichoshinda?"

"Wanaondoka nacho."

"Mbona hukuwaambia wazee?"

Akafunga kamba ya turubai, akaikaza kwa goti. "Nikisema ni akili, si ningepaswa kumwachia ng'ombe? Mimi mwenyewe nina watu wananingoja."

Hakusema kwa ubaya. Hilo ndilo lililonimaliza nguvu, angekuwa mkali ningepata cha kushika. Nilikimbia kwa kiongozi wa sungusungu nikamweleza neno kwa neno. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Aje aseme mwenyewe." Nilikwenda kumwita, hakutaka. Mnada wa mwisho maksai wote wawili walipandishwa kwenye lori, wakageuzwa vichwa upande wa dereva, na mwenye meza akapanda mbele, meza yake juu.

Mvua ilikuja vizuri mwaka ule, hilo nalo. Zamani majirani walikuwa wanatuazima ng'ombe mvua ikianza, nasi tunawaazima. Nilikwenda kwa wa kwanza, akasema ng'ombe wake wana vidonda shingoni. Nikaenda kwa wa pili, mke wake akatoka akasema mwenyewe hayupo, na mimi niliona miguu ya mumewe chini ya mlango. Wa tatu sikwenda.

Nilimweleza mume wangu shambani maneno ya mwenye meza, kwamba huko kwenye nyumba kubwa za kamari si kosa, na mtu anaondoka na chake. Alikuwa ameinama na jembe la mkono. Akanyooka.

"Kwa hiyo nilishinda."

"Ulishinda."

"Wazee wanajua?"

"Nimewaambia."

Akainama tena na jembe lake. Tulikuwa tumeanzia upande wa mtoni, yeye mstari wake na mimi wangu, watoto wakitupa magugu pembeni. Tukalima mpaka muda wa kupanda pamba ukapita. Tulikuwa bado hatujafika nusu, na nyasi upande wa pili zilikuwa zimeshanifikia magotini.