Kikombe cha Mwenye Risasi ya Kwanza

Siku ile huja kwanza na baridi yake, mwanangu, kabla sijakumbuka jambo lingine. Theluji ilikuwa imefika vifundoni, pumzi ya Mzee Mutinda ilikuwa imeganda kwenye ndevu zake, nami nilikuwa nimepiga magoti kando ya mnyama mkubwa kuliko ng'ombe yeyote niliyemwona kwetu, nikizihesabu ncha za pembe zake kwa furaha.

Naanzia hapo kwa sababu ya swali lako. Niliporudi kutoka milimani msimu huu, nikiwa na nyama lakini sina uso wa mtu mwenye nyama, uliniuliza kwa Kiingereza chako: kama mnyama ulishampata, mbona ulikaa naye kutwa nzima kwenye baridi? Sikukujibu. Mimi ni mtu wa kuogopa kukosea, na nikiogopa hunyamaza, halafu nalala nikijisahihisha kichwani kama mtoto wa shule. Leo nakujibu kwa Kiswahili, polepole, nawe utanijibu kwa lugha uitakayo. Sina mvi za kutolea nasaha. Ila jungu kuu halikosi ukoko, na jungu lenyewe likishaondoka, hata sisi vijungu inabidi tujikwangue.

Mnyama yule ni elki. Ni jamii ya kulungu, ila Mungu alipomuumba hakubana mkono. Dume lake hubeba pembe kama matawi ya mti uliopukutisha majani. Ukitaka kumwinda, unaomba kibali serikalini, na unaweza kungoja miaka kabla jina lako halijatoka. Kibali kimoja, mnyama mmoja. Kibali chenyewe ni karatasi unayomfunga mnyama uliyemuua; ukishaifunga, msimu wako umekwisha.

Wakati huo nilikuwa kijana, mgeni katika kazi ya kutunza wazee huko Oakdale, kando ya Saint Paul, hapa Marekani. Kuwinda nilijifunza mwenyewe, kwa kutazama video wakati wa mapumziko, na kwa kwenda uwanja wa shabaha kila Jumamosi hadi bega likawa jeusi. Nilitaka kila kitu kiwe kamili. Nilisafisha bunduki mpaka Mzee Mutinda akaniuliza kama nilikuwa na mpango wa kuioa. Binamu yangu Kevo, huyu huyu Anko Kevo wako, alikuwa akiniita Profesa, na jina likanikaa.

Mzee Mutinda alikuwa Mkamba wa Kitui. Alikuwa amestaafu kazi ya kufua mashuka ya hospitali, akiishi Frogtown, mtaa wa Saint Paul, ghorofa ya juu ya duka la fundi cherehani. Hakuwa ndugu yetu wa damu, lakini ugenini aliyekupikia ugali ukiwa na homa ni baba. Yeye ndiye aliyetutoa kwenda kuwinda. Tuliondoka Saint Paul alfajiri, watatu kwenye gari la Kevo, tukalivuka jimbo zima la Dakota kuelekea milimani hadi mchana ukatuishia, Kevo akiimba nyimbo za kwaya kwa maneno aliyoyatunga mwenyewe, Mzee akijifanya amelala huku tumbo likimtikisika kwa kicheko. Ujana ni moshi, mwanangu. Lakini moshi wa siku zile bado naunusa.

Asubuhi ya kuwinda tulisikia mlio mmoja wa bunduki nyuma ya kilima. Baadaye dume akatokea msituni, akitembea taratibu kuliko ilivyo kawaida. Nikapiga. Akaanguka.

"Profesa!" Kevo alipiga kelele akikimbia. "Umeangusha mti na matawi yake! Leo nakubali umesoma!"

Tulipomgeuza tukaona tundu la pili. Lilikuwa tumboni, upande ambao mimi sikupiga, na damu yake ilikuwa imeshaanza kukauka. Nyuma yake alama nyekundu zilikuwa zimetapakaa kwenye theluji mpaka msituni alikotokea.

Kevo ndiye aliyesema kwanza. "Tumchune haraka tuishie zetu. Nani anajua?"

Nami, mwanangu, niliunga mkono. Nilikuwa na sababu tele. Niliwaza zile Jumamosi zote, na bega, na picha ambayo tayari nilikuwa nimeipanga kichwani. Nikamwambia Mzee kwamba risasi ya mtu yule haikumwangusha mnyama, yangu ndiyo iliyomwangusha.

Mzee hakubishana nami. Alifagia theluji juu ya jiwe kwa kofia yake, akaketi, akatoa thamosi ya chai ya tangawizi. Akamimina vikombe vitatu akatupa. Kisha akamimina cha nne, kile kifuniko cha thamosi, akakiweka juu ya jiwe peke yake.

"Hicho ni cha nani?" Kevo akauliza.

"Cha mwenye risasi ya kwanza. Yuko njiani."

"Na kama haji?"

"Amepiga mnyama. Atakosaje kuja?"

Akatueleza, katikati ya kupuliza chai, kwamba babu yake alikuwa mwindaji, na kwao kila mshale ulikuwa na alama ya mwenyewe. Wawili wakimpiga mnyama mmoja, mshale wa kwanza ndio ulioshika mnyama, na wa pili ukapewa paja kwa kusaidia. Hakukuwa na kelele, kwa sababu mshale ulijisemea. "Risasi ni bubu," akasema. "Haina alama. Ndiyo maana mwenyewe lazima aje kwa miguu yake aisemee. Na sisi lazima tumngoje. Mkuki kwa nguruwe, jamani. Mngekuwa nyinyi mnaofuata damu hii tangu asubuhi, mngetaka mkute nini mwisho wake? Matumbo?"

Tukangoja. Sijui nikueleze vipi kungoja kule. Nilikuwa naomba Mungu mtu yule apotee. Naam, niliomba hivyo, kwa moyo wote, huku Kevo akizunguka kama kuku anayetaka kutaga.

Akatokea. Alikuwa Mhmong, mmoja wa wale waliokuja Marekani kutoka milima ya Laos, mtu wa makamo, suruali imelowa hadi magotini, macho yameganda ardhini kwenye zile alama nyekundu. Alipoinua kichwa na kutuona tumemzunguka mnyama, alisimama. Nilimwona akiyakunja mabega yake polepole, kama mtu anayekunja nguo ya marehemu, akaanza kugeuka arudi alikotoka.

"Wewe!" Mzee akamwita kwa Kiingereza. "Chai yako inapoa."

Mtu yule aliionja tangawizi, akakohoa hadi machozi, Mzee akacheka hadi akampiga mgongo. Kumbe naye alikuwa wa Saint Paul, jirani wa Mzee kwa mitaa michache tu. Akafunga kibali chake kwenye pembe zile, kisha akakata paja zima akanipa kwa mikono miwili. Tangu hapo kila kiangazi alikuwa akimletea Mzee pilipili za bustani yake hadi mlangoni.

Natamani nikwambie kwamba nilielewa siku ile. Sikuelewa. Nilirudi na paja na kinyongo. Dakota yote sikumsemesha Mzee, nikatazama nyasi dirishani kana kwamba zimenikosea. Kevo ndiye aliyejaribu kunichangamsha: "Profesa, umefeli mtihani lakini umepata mguu. Wengine hufeli bila mguu." Hata hapo sikucheka. Mzee akaniacha nikasirike mpaka nikachoka. Tulipokaribia mji akasema jambo moja tu: "Pembe utapata. Mimi nilitaka upate mtu."

Nyama ya paja lile tuliichoma nyuma ya nyumba ya Mzee, na Mhmong akaja na familia yake, na fundi cherehani akashuka, na mpaka giza linaingia hapakuwa na anayejali nani alipiga kwanza. Misimu iliyofuata tulikwenda hivyo hivyo, watatu, wanne na Mhmong. Mara nyingi tulirudi mikono mitupu, na bado palikuwa na cha kusimulia. Kisha Mzee akarudi Kitui, na haukupita muda akafariki. Mazishi niliyatazama kwenye simu, nimeketi chumba cha mapumziko kazini, sare imelowa, picha ikikatika kila waliporusha udongo.

Alipoondoka, kitu kiliachia kati yangu na Kevo. Hatukugombana. Yeye alipata marafiki wa kuwinda, wenye magari makubwa na darubini za bunduki zinazoleta mlima wa mbali mpaka puani. Gereji yake kule Eagan umeiona, ukuta mzima ni pembe. Kwenye kikundi chao cha simu mtu hasifiwi kwa alivyomfuata mnyama. Anasifiwa kwa umbali aliopiga. Nami naungama, wivu ulinishika. Kuna wakati nilikuwa nazitazama picha zao hadi usingizi unaruka, nikijiuliza kama Mzee alitulea tuwe wajinga.

Msimu huu tulikutana kwa bahati kwenye bonde moja. Mimi nilikuwa upande wa juu peke yangu. Wao walikuwa chini barabarani, magari yamepangwa. Kundi la elki likakatiza uwanda, wakaanza kupiga wote kwa pamoja, wanyama wakikimbia, milio ikafuatana kama mvua ya mawe kwenye mabati. Kundi likapotelea mlimani. Nilingoja nione nani atapanda kutazama damu. Hakupanda hata mmoja. Niliwaona wakitazama kwa darubini, wakicheka, wakaingia magarini kwenda kulizungukia kundi upande wa pili.

Baadaye nikamkuta jike amebaki peke yake kwenye miti, miguu mitatu ikifanya kazi ya minne. Nilimmaliza, kwa sababu kumwacha kungekuwa ukatili. Kisha nikaketi, nikampigia simu Kevo.

"Kevo, mnyama wenu yuko huku juu."

"Wetu gani? Sisi tulikosa, bro."

"Amepigwa mguu wa nyuma, kutoka upande wa barabara."

"Pale kila mtu alikuwa anapiga, Profesa. Utajuaje ni ya nani?"

"Ndiyo nakuuliza wewe."

Nilisikia mlango wa gari ukifungwa, kelele za wenzake zikabaki mbali. Aliporudi, sauti yake ilikuwa ya chini. "Ni jike, ama?"

"Ni jike."

"Sasa unataka nimalize kibali changu na jike? Hiki kibali nimekingoja miaka. Beba wewe. Nyama ni nyama."

Basi nikajua ni wake, naye akajua kwamba nimejua.

"Nakungoja," nikamwambia.

"Usiningoje."

"Nimeshamimina chai."

Kisha akasema, "Mzee alishakufa, Profesa." Simu ikakatika.

Sasa unajua kwa nini nilikaa, mwanangu. Kikombe nilikuwa nimekiweka juu ya gogo. Kilitoa moshi kidogo, kikaacha, kikafunga utando wa maziwa, na jua lilipoanza kuinama utando ukawa barafu. Zamani niliomba mwenye mnyama asije. Safari hii nilikaza masikio kwa kila tawi lililovunjika. Nilitamani mtu atokee kwenye miti ile aninyang'anye nyama, anitukane, acheke, aimbe zile nyimbo zake mbovu za kwaya. Nilitamani kunyang'anywa kuliko nilivyowahi kutamani pembe. Hakuja. Nikafunga kibali changu kwenye mnyama asiye wangu, na msimu wangu ukaishia hapo.

Ndiyo maana friza yetu imejaa na mimi nakukataza kuigusa. Paja tulilokula ndilo fungu letu, la risasi ya pili. Mengine yana mwenyewe.

Nasaha yangu basi ni hii, na si ya elki peke yake. Utapiga mambo mengi duniani. Mengine utayapiga kwa ulimi, mengine kwa haraka, mengine ukiwa mbali kiasi kwamba hutasikia kilio. Usiseme umekosa kabla hujapanda kwenda kutazama. Fuata damu yako hata kama mwisho wake ni mnyama usiyemtaka. Na ukikuta jeraha la mwenzako, usiseme hakuna aliyeona, keti, ungoje. Mwenyewe asipokuja, usimchukie. Mtunzie fungu lake. Mgeni njoo, mwenyeji apone: mimi niliyedhani namngojea Kevo kwa faida yake, ni mimi niliyekuwa nikihitaji aje. Na usingoje kuwa mkamilifu ndipo utende jema. Ningesubiri hivyo, hata maneno haya usingeyapata.

Siku moja mlango utabishwa, na Anko Kevo atakuwa amesimama pale, pengine akijifanya amekuja kuazima kitu. Usimuulize neno. Teleka maji, ponda tangawizi, toa kikombe kimoja zaidi.

Mungu akupe macho ya kuona alama kwenye theluji, na miguu isiyochoka kuzifuata. Akupe wa kukungoja mwisho wa njia, na chai yako ikukute ingali moto.