Kitabu cha Kumpima Mchumba

Juzi, katika maktaba ya kijiji hapa Kidete, mama mmoja alimrudishia riwaya mwalimu wa elimu ya watu wazima, nami mkutubi nikiwa kando nikipanga vitabu.

"Mwalimu, ulisema kitabu hiki kitanionyesha watu walivyo. Laghai wa humu anaamkia wazee vizuri kabisa. Mchumba wa binti yangu naye hivyo hivyo. Tumkatae?"

"Mama, hata watu wema huamkia."

"Sasa kimenisaidia nini? Washenga wanakuja Jumapili kuchukua jibu."

Nilishindwa kuvumilia. "Muulize binti mwenyewe!"

Alinitazama kwa huruma. "Binti anampenda, baba. Atajuaje?"

Akaomba kitabu kingine. Mimi ninayewapendekezea wasomaji vitabu vya kufunua moyo wa binadamu nilizitazama rafu zote, nisijue nimwambie achukue kipi.